Malkia wa Pili

Swali langu la kwanza kuhusu chesi nililiuliza nikiwa na pini mdomoni. Nilikuwa nikipinda sketi ya shule karibu na dirisha, na nje, kwenye kibaraza changu, wanaume wawili walikuwa wameinamia ubao. Nikaona kete yenye kichwa cha farasi ikiruka juu ya nyingine mbili na kutua upande wa pili. Nikatoa pini.

“Huyo farasi anaruka wenzake hivyo, inaruhusiwa?”

Mmoja wao alikuwa muuza spea za magari wa duka la jirani. Hakugeuza hata shingo. “Mathe, shona,” akasema, akiniita mama kwa Kisheng. “Hii mambo ni ya kufikiria.”

Mwenzake alikuwa karani mstaafu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye ghala la nafaka huko Rongai. Yeye alicheka kwa adabu, kama mtu anayemchekea mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. Nikarudisha pini mdomoni. Lakini swali halikurudi nilikolitoa.

Kibaraza hicho ni changu. Mimi ni fundi wa nguo hapa Bondeni. Babu yangu alikuja kutoka pwani akiwa kijana, akafanya kazi, akaoa, akazikwa hapa hapa Nakuru. Mimi mwenyewe pwani nimefika mara mbili, zote kwa harusi. Tangu mume wangu alipofariki, chumba cha mbele cha nyumba yetu ya kaunsili ya mji nimekifanya karakana: cherehani, meza ya kukatia, kabati la vitambaa. Nje kuna kibaraza cha saruji kinachopata kivuli tangu saa sita mchana. Kivuli hicho ndicho kilichowaleta wale wawili. Walianza na drafti ya vifuniko vya soda. Baadaye karani akaja na kete za chesi za plastiki ndani ya mfuko wa unga, na drafti ikasahaulika. Kila Jumamosi walikalia benchi langu na kunywa chai ya chupa yangu. Upepo wa Januari ulipoleta vumbi na kuangusha kete zao, walizifuata hadi miguuni pangu na kusema, “Samahani, mama,” bila kuniangalia.

Niliendelea kuuliza. Kwa nini mfalme haliwi kama wengine? Huyu mdogo mbona anatembea mbele lakini anakula kando? Nani huanza? Muuza spea alinijibu mara moja tu vizuri, kwamba weupe huanza, kisha akaongeza kwamba mchezo huu haufai wanawake kwa sababu mwanamke hawezi kukaa saa nzima akiangalia kitu kimoja. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye cherehani tangu baada ya swala ya alfajiri. Nilimtazama kisogo, nikakanyaga pedali.

Wakati huo vidole vyangu vilikuwa vimeanza kuuma vikigusa maji baridi, kwa hiyo nilikuwa na mama fua. Alikuja Alhamisi na Jumamosi, kwa miguu kutoka Kaptembwo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, asiyependa maneno. Kwa karibu mwaka mzima nilijua mambo mawili tu juu yake: kwamba ana binti anayesoma shule ya bweni, na kwamba chai yenye tangawizi hainywi.

Jumamosi moja alipita karibu na wachezaji akienda kuanika shuka. Aliporudi ndani alisimama mlangoni na beseni kiunoni.

“Ubao wameulaza vibaya,” akasema kwa sauti ndogo.

“Ubao gani?”

“Wa chesi. Kila mchezaji, kona yake ya mkono wa kulia iwe ya mraba mweupe. Yao ni mweusi. Wamecheza hivyo tangu nianze kuja hapa.”

Nikaacha kushona. “Wewe unaujua mchezo huu?”

“Kidogo.”

“Ulijifunzia wapi?”

“Mahali,” akasema, akageuka kuondoka.

“Ngoja. Farasi kuruka wenzake, inaruhusiwa?”

Akaweka beseni chini. “Ni yeye peke yake anaruhusiwa, mama. Wengine wote wakizibwa njia wanasimama hapo hapo.”

Miezi nilikuwa nimelibeba swali hilo. Yeye alilijibu kwa pumzi moja, bila kucheka, na akasubiri kuona kama nina lingine. Nilikuwa nayo mengi.

Tukaanza Alhamisi hiyo iliyofuata, kufua kulipokwisha. Ubao niliushona mwenyewe kwa mabaki ya kaptula za khaki na sketi za buluu, miraba sitini na minne, nikahakikisha kona ya kulia ni ya khaki. Kete zilikuwa vifungo. Mfalme alikuwa kifungo cha koti, malkia kifungo cha dhahabu cha gauni la harusi, askari vifungo vidogo vya mashati. Ilibidi nikariri nani ni nani, na nafikiri ndiyo maana sikusahau.

Alifundisha kama anavyofua, pole pole, akirudia palipo na doa. Nilimuuliza kete ipi ni ya maana kuliko zote. Akasema malkia ana nguvu kuliko wote, lakini mfalme ndiye mchezo wenyewe, usichanganye mambo hayo mawili. Nilimuuliza nianze vipi. Akasema shika katikati ya ubao kwa askari mmoja au wawili, toa farasi wako, toa askofu wako, kisha mfiche mfalme. Akanionyesha namna mfalme anavyosogea hatua mbili kuelekea ngome, na ngome ikamvuka ikasimama upande wake wa pili. Nikauliza kama naweza kufanya hivyo wakati wowote. Hapana, akasema, mfalme akishasogea hata mara moja, au ngome hiyo ikishasogea, basi tena. Na akiwa amepigwa cheki, yaani ametishiwa kuliwa, hawezi kukimbilia ngomeni, angekumbuka mapema.

Mimi nilipenda kumtoa malkia mapema. Nilimpeleka katikati kila mchezo, na kila mchezo alimkimbiza kwa farasi na askari mpaka nikachoka.

“Lakini si umesema ndiye mwenye nguvu?”

“Ndiyo. Sasa mbona unamtuma sokoni kabla ya wengine kuamka?”

Swali nililomuuliza mara nyingi kuliko yote lilikuwa la mtu yeyote anayeanza: nifanye nini nisipojua la kufanya? Kila mara alijibu, “Uliza yeye anataka nini.” Alimaanisha mwenzako akisogeza kete, usikimbilie mpango wako, jiulize kwanza kwa nini ameisogeza. Ukiona hatishii chochote, tafuta kete yako ambayo haifanyi kazi, uipe kazi. Nilicheka, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoendesha nyumba miaka thelathini na hakuna aliyewahi kuita jambo hilo akili.

Nilishangaa jinsi alivyozijua sheria. Hakusema “nafikiri.” Aliinua kidole kana kwamba anasoma hewani. Alhamisi moja nilimuuliza tena alikojifunzia. Alikuwa akikunja taulo. Alimaliza kuikunja.

“Jela,” akasema. “Nilikaa miaka miwili. Nilikuwa napika pombe. Huko kulikuwa na chesi, na kitabu kimoja cha sheria zake, hakina jalada. Hakukuwa na kingine cha kusoma ila vitabu vya dini, kwa hivyo tulikisoma mpaka kikachanika. Naomba ibaki hapa, mama.”

Nikasema itabaki. Nikamtilia chai. Alipoondoka nilifungua kabati, nikahesabu mikasi yangu. Yote ilikuwepo. Niliona aibu mbele ya kabati langu mwenyewe, nikalifunga kwa nguvu. Sijawahi kumwambia jambo hilo. Labda naliandika hapa kwa sababu nilijiona mtu mwema wakati ule, na mikono yangu ilikuwa ikisema vingine.

Baada ya miezi kama mitatu nilitoka nje. Ilikuwa Jumamosi, muuza spea amechelewa, na karani alikuwa akipanga na kupangua kete peke yake.

“Mzee, nitacheza na wewe,” nikasema.

Alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena. “Haya, mama. Mpaka jamaa afike.”

Alinishinda kwa hatua nne. Malkia wake na askofu wake waliniingilia kwenye kona moja dhaifu karibu na mfalme, nikashtukia wamekaa sebuleni. Muuza spea, aliyekuwa amefika kwa wakati wa kuona, alipiga goti lake kwa furaha. “Si tulikwambia?”

“Mliniambia,” nikasema. “Panga tena.”

Jumamosi ya pili sikuingia mtego huo tena, lakini niligusa askofu nikabadili mawazo, na karani akanizuia mkono. “Ukigusa umecheza.” Alikuwa na haki. Nikamchezesha askofu, akaliwa, nikashindwa. Ya tatu nikashindwa pia, ila ilichukua saa nzima na nusu, na muuza spea akaacha kuzungumza.

Jumamosi ya nne ndiyo ya kusimulia. Karani alicheza huku akibishana na muuza spea kuhusu mahindi ya Rongai, kama mvua itawakuta wakulima hawajavuna. Katikati ya mabishano akamsogeza malkia wake hadi mbele ya farasi wangu. Alipomwachilia akaona. Akanyoosha vidole amrudishe.

“Ukigusa umecheza, mzee.”

“Mama, nilikuwa nikizungumza.”

“Na mimi wiki ile nilikuwa nikifikiri.”

Nikamla malkia. Kuanzia hapo sikutaka ujanja wowote. Nilifanya nilichofundishwa: kubadilishana kete kila ninapoweza, na kumsukuma askari mmoja niliyeona hakuna wa kumzuia. Karani alikuwa amebaki na ngome moja na askari wawili. Askari wangu akafika mstari wa mwisho.

“Malkia,” nikasema.

Karani akatikisa kichwa. “Malkia wako yuko ubaoni. Chagua katika vilivyoliwa. Una ngome hapa, una askofu, una farasi.”

“Nataka malkia.”

“Haiwezekani kuwa na malkia wawili, mama. Mfalme mmoja, malkia mmoja.”

“Hata nyumbani kwako, mzee?” akauliza muuza spea, na wote wawili wakacheka. Kisha akanigeukia mimi. “Mathe, sheria ni sheria. Unachukua kile kililiwa.”

“Sheria haisemi hivyo.”

“Nani amekuambia?”

Nilikuwa nimeahidi. Ningeweza kusema nimesikia tu, na wangenicheka, na ningechukua ngome na pengine kushinda vilevile. Nikasema, “Nimeambiwa na mtu anayejua. Sitachukua kingine. Tutakaa hapa mpaka jua litue.”

Nyuma yangu maji yakamwagwa. Mama fua alikuwa kwenye beseni pembeni mwa kibaraza, na alikuwa amesikia yote. Alijifuta mikono kwenye leso, akaja akasimama kando ya ubao.

“Ni mimi,” akasema. “Askari akifika mstari wa mwisho anageuka malkia, au ngome, au askofu, au farasi, vile mwenyewe anataka. Haijalishi nini kimeliwa. Mtu anaweza kuwa na malkia hata tisa.”

Karani alivua miwani. Hakuwa mtu mkali, lakini alikuwa amecheza chesi tangu akiwa kijana ghalani, na sasa mwanamke mwenye povu la sabuni kwenye viwiko alikuwa akimsahihisha mbele za watu. “Na wewe,” akauliza, “ulifundishwa na nani?”

Nilimtazama usoni, nikijaribu kumwambia kwa macho kwamba si lazima. Hakuniangalia.

“Nilisoma kwenye kitabu,” akasema. “Jela. Nilifungwa miaka miwili kwa kupika pombe. Na huo ubao mmeulaza vibaya.”

Boda boda ikapita, ikaacha moshi. Muuza spea alitoa simu mfukoni akaanza kutafuta, akitumaini, nadhani, kupata kosa. Alisoma hadi mwisho. Kisha akamwonyesha karani skrini. Mzee alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa maneno yenyewe.

“Mpe malkia,” akasema.

Hakukuwa na malkia wa ziada. Nilitoa bobini ya uzi mwekundu mfukoni, nikaisimamisha kwenye ule mraba wa mwisho.

Sasa nakiri nilichofanya na malkia wawili. Ningeweza kumaliza mchezo haraka. Badala yake nilikula. Nilikula ngome yake, nikala askari wake mmoja, nikala wa pili, nikifurahia kila sauti ya plastiki ikianguka ndani ya mfuko wa unga. Mfalme wake nikamsukuma hadi kona, peke yake. Kisha nikasogeza bobini karibu naye, umbali wa mruko mmoja wa farasi, nikaegemea nyuma.

“Nimeshinda,” nikasema.

Karani aliinama juu ya ubao. Alijaribu kwa kidole kila mraba alioweza kwenda mfalme wake, bila kumgusa. Kisha, kwa upole ulioniudhi kuliko kicheko, akasema, “Hapana, mama. Sijapigwa cheki. Na sina pa kwenda. Hiyo ni stelimeti. Droo.”

“Droo vipi? Una nini wewe? Mimi nina malkia wawili.”

“Droo.”

Nikamgeukia mama fua. Nilikuwa na hakika. Alikuwa amesimama nami hadharani, alikuwa amejivua nguo mbele ya wanaume hao kwa ajili ya malkia wangu, hangeniacha sasa.

“Ni droo,” akasema. “Mzee amesema kweli.”

Nilikasirika naye kama sijawahi kumkasirikia mtu. Niliingia ndani nikaanza kushona sketi ambayo haikuwa na haraka yoyote. Alimaliza kuanika, akasema kwaheri mlangoni, nami nikaitikia kwa pua. Usiku ulipoingia hasira ilikuwa imenigeukia mimi mwenyewe. Niliona kwamba kama angeipindisha ile sheria ya pili kwa ajili yangu, ile ya kwanza isingekuwa na uzito.

Alhamisi hakuja.

Maneno, lakini, yalikuja. Bondeni nyumba zimeshikana mabega. Ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Majirani wawili aliowafulia walimtumia ujumbe asije tena. Mteja mmoja, mama wa watoto watatu, alikuja kuchukua vitambaa vya sare alivyokuwa ameniachia, akasema ameamua kununua za dukani. Hakuniambia sababu. Alitazama tu chumba changu kona hadi kona, kama mtu anayetafuta alipojificha panya.

Kisha akaja kaka yangu mkubwa. Ni mtu wa msikitini, anaheshimika, na tangu nifiwe amejiona mlinzi wangu. Alikaa kwenye kiti cha wateja.

“Dada, watu wanasema.”

“Wanasema nini?”

“Kwamba umeweka mfungwa nyumbani.”

“Mfungwa yuko jela, kaka. Huyu alitoka.”

“Na mchezo wenyewe. Wako wanazuoni wanaoukataza.”

“Na wako wanaouruhusu, ukikosa kamari na usipokupotezea swala. Umewahi kusikia adhana imenikuta nikicheza nikaendelea?”

Akashika magoti yake. “Nakwambia kwa ajili ya jina letu.”

“Jina letu lilikuwa wapi wanaume wawili walipokuwa wakishinda kibarazani kwa mjane kila Jumamosi? Hapo hukuja. Umekuja nilipoanza kucheza.”

Alinyanyuka. Mlangoni akasema nifikirie. Nikasema nimeshafikiria. Ninampenda kaka yangu, na najua hakuja kwa ubaya. Lakini nilikuwa na miaka hamsini na sita, nimezika mume, nimeozesha binti, na nilikuwa nimechoka kuambiwa nifikirie na watu waliokwisha kunifikiria na kuniamulia.

Asubuhi iliyofuata nilifunga karakana, nikapanda boda boda hadi Kaptembwo. Nilimkuta mahali ambapo mama fua huketi wakingoja kazi, kwenye ukingo wa barabara karibu na ukuta wa mawe, wanawake kumi na kitu wenye leso na ndoo. Aliponiona alisimama na kuja kando.

“Umefuata nini huku, mama?”

“Nimekufuata wewe. Mbona hukuja?”

“Nilitaka kukupumzisha. Watu wako wataongea.”

“Walishaongea. Wameongea na hakuna paa lililong'oka.”

Akatazama chini. “Wale majirani wako wawili wameniachisha.”

“Najua. Na ni mimi nilikuponza kwa ubishi wangu.”

“Hapana,” akasema, na hapo ndipo nilipomwona akikasirika kwa mara ya kwanza. “Usiseme hivyo. Hakuna mtu alinilazimisha. Nimenyamaza miaka sita tangu nitoke. Nafua, nanyamaza. Halafu nasikia mtu anasema uongo juu ya kitu kimoja nakijua vizuri duniani. Ningenyamaza tena, ningekuwa nimebakiza nini?”

Nikamwambia kwamba nilimkasirikia kwa ajili ya ile droo. Akasema alijua. Nikamwambia sasa nimeelewa. Akasema hilo pia alilijua, isipokuwa hakujua ningechukua siku ngapi. Kisha nikamwambia nililokuja kulisema: kwamba kazi yake kwangu ipo kama ilivyokuwa, lakini Jumamosi nataka aje saa nane, bila leso ya kufulia, akae mbele.

“Na wale wazee?”

“Kibaraza ni changu.”

Alikuja amevaa gauni la kijani nisilowahi kuliona, na viatu vya kufunika. Karani na muuza spea walikuwa wameketi tayari. Nilimwambia akae kwenye benchi, mahali pa muuza spea, kwa sababu muuza spea alikuwa amesimama kuchukua chai.

“Mathe, hapo ni kwangu,” akasema.

“Hapo ni kwangu,” nikasema. “Wewe ulikuwa umeazimwa.”

“Mimi siwezi kucheza na mtu wa jela.”

“Hakuna aliyekuomba. Leo anacheza mzee, kama anataka. Na kama hataki, nitacheza mimi. Asiyependa, drafti inachezwa ng'ambo ya barabara.”

Alimtazama karani akimtaka waondoke pamoja. Karani alikuwa akipangusa miwani kwa ncha ya shati, na aliipangusa kwa muda. Muuza spea akaweka kikombe chini, akavuka barabara. Hajakanyaga tena kibarazani tangu siku hiyo, ingawa tukikutana asubuhi akifungua duka tunasalimiana.

Mama fua hakukaa mara moja. Alishika ubao kwa ncha mbili, akauzungusha robo mpaka mraba mweupe ukaja kwenye kona ya kulia, akautuliza. Mzee alimwacha.

Mchezo wa kwanza karani alishinda. Nasema hivyo kwa sababu niliposimulia jambo hili, watu walitaka niwaambie kwamba mwanamke alimchapa, na haikuwa hivyo. Mama fua alikuwa hajacheza na mtu wa kiwango hicho kwa miaka, na alipoteza ngome kwa jambo dogo. Alimpa mzee mkono. Wa pili alishinda yeye, kimya kimya, kwa askari mmoja aliyetembea hadi mwisho. Karani alimfuata yule askari kwa macho hatua baada ya hatua, na alipofika, mzee mwenyewe alinyoosha mkono kwangu, bila kusema, nikampa bobini.

Walipomaliza, mzee alizungusha kete moja kidoleni. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa ya ugonjwa wa siri:

“Kuna sheria nimewahi kuisikia, ya askari kumla askari aliyepita kando yake. Sikuwahi kuielewa. Ghalani tulisema haipo.”

“Ipo, mzee,” akasema. “Askari wako akiruka hatua mbili, atue ubavuni mwa askari wangu, mimi naweza kumla kana kwamba ameenda hatua moja. Lakini ni papo hapo tu. Nikingoja zamu nyingine, nafasi imekwisha.”

“Papo hapo tu?”

“Papo hapo.”

“Nionyeshe.”

Akamwonyesha, mara tatu. Alikuwa mwalimu yule yule wa Alhamisi, asiyecheka na asiyeharakisha. Mimi nilikuwa mlangoni na tepu shingoni.

Mambo hayakunyooka yote. Wale majirani wawili hawakumrudisha. Alipata nyumba nyingine mbili upande wa pili wa mji, na kwa hizo alijitambulisha alivyo, akaajiriwa vivyo hivyo. Mteja wa sare tatu hakurudi. Kaka yangu huja Ijumaa kunijulia hali, kwa mlango wa nyuma, na chesi hatuitaji. Lakini kibarazani siku hizi wanakuja wanawake wengine: muuza mboga wa kona, mwalimu wa chekechea, na msichana wa saluni anayefikiria haraka kuliko sisi sote na kupoteza malkia kila wiki. Wanauliza yale yale. Mbona askari harudi nyuma? Farasi anaruka wenzake, inaruhusiwa? Tunajibu kila mara, na hakuna anayeambiwa arudi kushona.

Mimi bado sijamshinda mama fua hata mara moja.

Mwezi uliopita mwanamke mmoja mgeni alikuja kupima sare ya mwanawe. Niliposhika tepu kiunoni mwa mtoto, akaninong'oneza, macho yakiwa kibarazani, “Ni kweli yule mama alifungwa?”

“Ndiyo,” nikasema, wala sikupunguza sauti. “Miaka miwili. Mtoto ainue mikono, tafadhali.”

Nikaandika kipimo cha kifua, nikaendelea na mabega.